Kabla ya Kulipa Karo ya Kozi ya Masaji

Haya ni maneno ya mkufunzi wa urembo na ukandaji, aliyezungumza na wazazi pamoja na vijana waliomaliza kidato cha nne. Tumeyachapa karibu yote kama yalivyosemwa.

Hamjambo wazazi wangu? Hamjambo vijana? Wazee wetu mlioketi pale nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeambiwa nina nusu saa, na wanaonijua wanajua nusu saa yangu ilivyo, kwa hivyo nitaanza moja kwa moja.

Kila mwaka nikimaliza kuzungumza, kuna mzazi hunifuata nje ya ukumbi. Mara nyingi ni baba. Hungoja wengine waondoke, kisha huniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hii kazi ya masaji ni kazi ya heshima kweli?" Leo nataka kulijibu swali hilo hapa mbele ya watu, ili usinifuate kwenye maegesho.

Kukanda si kitu kilichokuja na watalii. Hakuna nyumba hapa ambayo haikuwa na mtu wa kukanda. Mtoto akizaliwa, nyanya alimkanda kwa mafuta. Kijana akiteguka kifundo cha mguu uwanjani, alipelekwa kwa mzee fulani mwenye mikono. Tofauti ya leo ni kwamba mikono hiyo inafunzwa darasani, inapimwa kwa mtihani, na inalipwa. Jina baya limetoka kwingine. Limetoka kwa vile vyumba vyenye pazia zito na neno "masaji" dirishani, ambako aliye ndani hakusomea chochote na anayeingia hakufuata kukandwa. Mzazi ana haki ya kuogopa vyumba hivyo. Mimi pia naviogopa. Kinachotenganisha chumba kile na kazi yetu ni masharti: nani anasajiliwa, nani anamfunza, mlango unafungwaje, shuka inakaaje, mteja akiomba lisilofaa mwanafunzi anafanya nini. Basi leo nitazungumza juu ya masharti, hata kama yanachosha.

Na kazi ipo. Tazameni tulipo. Naivasha ina hoteli kando ya ziwa, na wageni wa mikutano wanaokaa vitini siku nzima. Olkaria kuna bwawa la maji ya moto ya mvuke ambako watu wanakwenda kuogelea ili miili ilegee. Katika mashamba ya maua kuna maelfu ya wafanyakazi wanaosimama saa nyingi wakipanga waridi, na siku ya mapumziko migongo yao inajua. Huko Keringet, Kuresoi Kusini, ambako Faith Kipyegon alisoma, wakimbiaji wanahitaji misuli yao ishughulikiwe karibu kila siku ya mazoezi. Ukivuka kaunti ukaenda Iten, huko mkandaji ni sehemu ya kambi kama alivyo mpishi. Kwa hivyo sisemi habari ya kazi ya Nairobi peke yake.

Sasa nitawaambia habari yangu mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisimame hapa.

Nilipomaliza shule, mama aliuza mtamba mmoja ili nisome. Nilipata tangazo kwenye nguzo ya stima: kozi ya urembo na masaji, miezi sita, "cheti cha kimataifa". Chuo kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi katika mji ambao sitautaja, na jina lake pia sitalitaja. Nililipa karo yote siku ya kwanza, kwa sababu waliniambia anayelipa yote anapunguziwa. Nikasoma. Sitadanganya, mwalimu mmoja pale alikuwa hodari na mpaka leo natumia mkono alionifunza. Nikapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu. Nikakipeleka hotelini, na yule mama wa kuajiri akakigeuza, akakitazama nyuma kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko, akaniuliza swali moja: "Nani alikutahini?" Nikamwambia, "Chuo." Akanirudishia cheti kwa upole sana. Nilirudi pale juu ya duka kuuliza, nikakuta mlango una kufuli na mtu wa duka hajui walikohamia.

Ilinibidi nianze upya na mtihani wa ufundi wa NITA, gredi ya tatu, nikiwa na miaka miwili niliyoipoteza. Mtamba haukurudi.

Kwa hivyo swali la kwanza, kabla ya "karo ni ngapi", ni lile la yule mama: nani atakutahini? Mtihani usiwe wa chuo chenyewe peke yake. Hapa Kenya kwa kazi yetu utasikia majina mawili zaidi ya mengine. Kuna NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, yenye mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Na kuna TVET CDACC, baraza linalotunga mitaala ya umilisi na kusimamia tathmini yake, lililoundwa na Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013. Vyuo vingine vinafundisha kozi za mashirika ya nje kama ITEC na CIDESCO. Hizo ni za kweli na zinaheshimiwa, lakini neno "kimataifa" kwenye bango si ithibati. Uliza ni shirika gani, nambari ya kituo cha mtihani ni ipi, na mtihani unafanyika lini. Vyeti vya nje vikihitaji kulinganishwa na vya Kenya, mamlaka inayohusika ni KNQA.

Swali la pili ni la chuo chenyewe. Sheria hiyohiyo ya 2013 iliunda TVETA, mamlaka inayosajili vyuo vya kiufundi, vya serikali na vya watu binafsi. Hakuna anayeruhusiwa kuendesha chuo cha aina hii bila usajili huo. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iko kwenye tovuti ya TVETA, bure. Kijana mwenye simu anaweza kumtazamia mzazi wake akiwa papa hapa. Tazama jina herufi kwa herufi, maana kuna watu wanaojua kuchagua jina linalofanana na la chuo kizuri. Usitosheke kuonyeshwa cheti cha makao makuu yaliyo mji mwingine. Uliza juu ya tawi hili utakalosomea. Halafu uliza juu ya kozi yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimeidhinishwa kufundisha ushonaji na kompyuta, na masaji kikaiongeza tu mwezi jana walipoona wateja wanauliza. Mkufunzi naye anatakiwa awe amesajiliwa na TVETA. Ukiniuliza yangu nitakuonyesha, sitakasirika. Mwalimu anayekasirika ukimwuliza, rudi nyumbani na pesa zako.

Kuna mzazi anasema, "Haya ni mambo ya ofisi, mimi nataka mtoto apate ujuzi." Nakuelewa. Lakini karatasi hizi ndizo zinazofungua mifuko mingine. Basari ya wadi na ya NG-CDF kwa kawaida hulipwa kwa chuo, si kwa mkono wa mwanafunzi. Kama chuo hakitambuliki, jina la mtoto litakwama kwenye kamati hata kama ni yatima na kila mtu anamjua. Mkopo wa HELB vilevile hauendi kwa chuo kisichosajiliwa.

Wale wa alama sasa, naona mnatazamana. Kwa kozi za vyuo vya kiufundi, diploma inahitaji wastani wa C- kwenye KCSE, cheti cha kati kinahitaji D, na chini ya hapo kuna ngazi za ufundi stadi ambazo hazimfungii mlango mwenye D- wala E. Mtihani wa NITA gredi ya tatu hauanzi kwa kukuuliza alama za kidato cha nne. Katika darasa langu, mkono mzuri kuliko yote niliyowahi kuona ulikuwa wa kijana aliyepata E. Alikuwa anafua magari. Vidole vyake vilijua kutafuta kitu kilichofichika.

Wengine hawana cheti cha KCSE kwa sababu shule imekishikilia kwa ajili ya deni la karo. Tafadhali sikieni hili: Sheria ya Baraza la Mitihani la Kitaifa ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kuzuia cheti cha mtahiniwa. Deni linabaki kuwa deni na shule ina haki ya kulidai, lakini cheti ni cha mtoto. Nenda ukakiombe, kwa adabu na kwa maandishi, na ukikataliwa nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Umri. Mimi simchukui mwanafunzi wa masaji aliye chini ya miaka 18, na nawashauri mtilie shaka chuo kinachomchukua. Msichana wa miaka 16 anaweza kuanza na nywele na kucha, hakuna shida. Lakini kazi yetu humweka mtu ndani ya chumba na mtu mzima aliyevua shati. Chini ya 18 ni mtoto kwa sheria yetu. Angoje.

Nije kwenye pesa, kwa kuwa hapo ndipo watu huumia. Karo mkiisikia kwa mdomo bado hamjaisikia. Iwe kwenye karatasi yenye jina la chuo, na iseme yaliyomo na yasiyokuwemo. Karibu kila ugomvi niliowahi kuamua kati ya mzazi na chuo ulitokana na yasiyokuwemo: ada ya mtihani, sare, mafuta, taulo mbili, shuka nne, bima ya wakati wa mafunzo kazini. Mzazi amejikaza kumaliza karo, halafu wiki mbili kabla ya mtihani anaambiwa kuna ada nyingine, na asipoilipa mtoto hatasajiliwa na ile karo yote ya nyuma inakuwa bure. Ada ya mtihani iulizwe siku ya kwanza. Iandikwe.

Lipa kwenye akaunti ya benki au nambari ya Paybill yenye jina la chuo. Usilipe kwenye simu ya mwalimu, hata kama mwalimu huyo ni mimi, hata kama nimekuambia mtandao wa ofisi umelala. Kila malipo yapewe risiti, na risiti isikae na mwanafunzi peke yake, kwa kuwa wanafunzi hupoteza kila kitu isipokuwa simu. Na usilipe mwaka mzima kwa sababu ya punguzo. Lile punguzo nililipata mimi.

Uliza pia: mtoto akiugua mwezi wa pili, nikihama, nikifiwa, pesa zinarudi kiasi gani na kwa muda gani? Chuo kizuri kina jibu lililoandikwa, hata kama jibu hilo halikupendezi. Wengine wanarudisha sehemu ukiondoka kabla ya wiki fulani, wengine wanakubali nafasi yako isogezwe hadi muhula ujao. Mitaala ya umilisi imegawanywa kwa vitengo, kwa hivyo mwanafunzi aliyefaulu vitengo kadhaa kisha akasimama asianzishwe upya kutoka mwanzo. Adai rekodi zake za vitengo alivyomaliza, na akiondoka aondoke nazo.

Sasa nifike ndani ya darasa. Hapa nitakaa kidogo.

Katika darasa la upishi mwanafunzi anajifunza kwa viazi. Katika darasa letu anajifunza kwa mwili wa mwenzake. Huwezi kuepuka hilo. Mikono haifunziki kwa picha ukutani. Leo wewe ni mkandaji, kesho wewe ndiye unayelala kitandani. Kwa hivyo sharti langu la kwanza darasani ni kwamba kila mmoja ana haki ya kukataa kukandwa sehemu fulani, au na mtu fulani, au siku fulani, bila kutoa sababu na bila kupunguziwa alama. Wasichana hawalazimishwi kufanya mazoezi na wavulana. Nimefundisha wasichana Waislamu waliokuja na wasiwasi juu ya hilo, na tulipanga jozi zao mapema, chumba cha wanawake peke yao, na wakafaulu kama wengine. Mzazi mwenye swali la namna hiyo aliulize kabla ya kujiandikisha. Chuo kinachojibu "hapa tunafuata mambo ya kisasa" hakijakujibu.

Shuka. Mteja hufunikwa mwili mzima na hufunuliwa sehemu inayokandwa tu, kisha inafunikwa tena kabla ya kufunua nyingine. Mwanafunzi wangu hatii mafuta mkononi kwa wiki mbili za kwanza, anajifunza shuka. Wananung'unika sana. Mteja huvua nguo akiwa peke yake, mkandaji akiwa nje, na hubisha mlango kabla ya kurudi. Mlango wa chumba cha mazoezi haufungwi kwa ufunguo. Kucha fupi, pete na bangili nje, mikono inaoshwa kabla na baada. Mwenye upele au kidonda mkononi hafanyi mazoezi siku hiyo, anakaa na daftari.

Mahudhurio nayo yana sababu. Wanafunzi hudhani tunahesabu siku ili kuwatesa. Kwa mitaala ya sasa mwanafunzi hukusanya faili la ushahidi wa kazi alizozifanya mwenyewe, moja baada ya nyingine, na mtathmini hulifungua. Siku usiyokuja haina ushahidi. Mzazi, ukimwita msichana wako arudi nyumbani kila Ijumaa kusaidia sokoni, usiniulize mbona hajapelekwa kwenye tathmini.

Kabla ya kumgusa mteja yeyote, mwanafunzi anamwuliza maswali na kuandika majibu. Je, una shinikizo la damu? Una mimba? Umefanyiwa upasuaji karibuni? Una homa? Mguu mmoja umevimba na unauma? Hilo la mwisho nawapigia kelele mpaka wanalisema usingizini. Mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto na maumivu, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ukiukanda, donge hilo linaweza kung'oka likaenda hadi kwenye mapafu, na mtu akafa. Mguu huo haukandwi, unapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mwanafunzi ambaye hajui mambo ya kukataa kukanda bado hajajua kukanda.

Majibu hayo ni siri ya mteja. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hairuhusiwi mwanafunzi kuzipiga picha wala kumpiga mteja picha aiweke mtandaoni hata kama mguu tu ndio unaoonekana. Nimewahi kumsimamisha mwanafunzi kwa picha ya mgongo. Alilia, akasema mgongo hauna jina. Mwenye mgongo aliutambua.

Na mkandaji si daktari wa viungo. Taaluma ya fiziotherapia ina sheria yake ya mwaka 2014 na baraza lake linalosajili. Watu wanaisomea, hata katika KMTC, kwa miaka. Mhitimu wangu akiandika "fiziotherapia" kwenye bango lake baada ya kozi ya miezi, anavunja sheria na anawadanganya wagonjwa wa kiharusi. Aandike "masaji". Inatosha, na inalipa.

Kwa wale wanaotamani kambi za wakimbiaji kuna jambo la ziada. Mtu anayemhudumia mwanariadha anahesabiwa kuwa msaidizi wake chini ya kanuni za kupambana na dawa haramu michezoni, na nchi yetu ina sheria yake ya mwaka 2016 na shirika lake, ADAK. Mkandaji akimpa mkimbiaji sindano, kidonge au hata krimu asiyoijua ndani yake mna nini, anaweza kuadhibiwa yeye, na mkimbiaji akapoteza miaka yake. Unakanda kwa mikono na mafuta unayoyajua. Basi.

Nakuja kwenye jambo lililonileta hasa.

Mwanafunzi akimaliza masomo ya darasani anakwenda mafunzo kazini, miezi kadhaa, hotelini au kwenye spa. Huko mimi sipo. Mwaka mmoja saa mbili usiku simu yangu ililia. Ni mwanafunzi wangu, yuko bafuni la wafanyakazi, ananong'ona. Mteja amemwomba jambo, amekataa, ametoka chumbani, na msimamizi wake amemwambia arudi "amfurahishe mgeni" la sivyo hatatiwa sahihi kwenye kitabu chake cha mafunzo. Na bila ile sahihi hawezi kuhitimu. Msichana alikuwa ameshapiga hesabu: karo ya mama yake, muda, basari, mtihani. Alikuwa ananiuliza mimi kama arudi chumbani. Hakuwa ananiambia. Alikuwa ananiuliza.

Nilimwambia chukua mkoba, toka, panda bodaboda, nitalipa ukifika. Akafika. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu niligundua kwamba miezi yote ile nilimfunza shuka na misuli, na sikuwahi kumwambia kwa maneno wazi kwamba akiondoka kwa sababu hiyo hatapoteza chochote. Tangu siku hiyo imeandikwa kwenye masharti yetu na kila mwanafunzi anatia sahihi, na mimi natia yangu: anayeondoka kazini kwa kuombwa au kulazimishwa jambo la kingono hahesabiwi mtoro, hapotezi siku zake, na ni kazi ya chuo kumtafutia mahali pengine amalizie. Wazazi, nendeni mkaulize kama chuo chenu kina sharti hilo. Kama hakina, waombeni waliandike. Halihitaji pesa.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamwadhibu mwenye mamlaka anayemsumbua kingono aliye chini yake, na inawataja waziwazi walimu na wafanyakazi wa taasisi za masomo. Kwa hivyo haimhusu meneja wa hoteli tu, inamhusu pia mkufunzi anayeuza alama. Simu ya msaada ni 1195, haikatwi pesa. Na kama mtu ameingiliwa kwa nguvu, aende hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zina muda wake. Asioge kwanza. Samahani wazee, lakini afadhali mtoto alisikie hapa mapema.

Kutokana na hayo mtaelewa mbona nina wasiwasi na matangazo ya kazi za spa huko Ghuba na Asia, tiketi bure, mshahara wa ajabu. Kuna kazi za kweli huko. Lakini wakala wa kupeleka watu nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri, NEA, na orodha yao iko mtandaoni kama ile ya vyuo. Mkataba usomwe kabla ya ndege, si baada. Kwa wenye ndugu Marekani, jueni kwamba majimbo huko huhesabu saa za masomo: Texas wanataka 500, New York wanataka 1,000. Kwa hivyo mwanafunzi aombe chuo kimwandikie saa zake, za nadharia na za vitendo, angali yuko pale. Kurudi miaka mitano baadaye kuzitafuta ni kazi ngumu, na kama chuo kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mnajua.

Mama mmoja ameniletea karatasi kutoka huku mbele, ameandika, "Binti yangu ana mtoto wa miezi minne. Atakubaliwa?" Mama, ndiyo. Na aliye na mimba pia hafukuzwi. Kwetu anaacha mazoezi ya kusimama muda mrefu anapochoka, anaendelea na nadharia, anajifungua, anarudi kwenye kitengo alichoachia. Uliza chuo unachokitaka wanafanyaje.

Na kuna baba aliyeuliza juu ya kijana wake asiyeona. Baba, huko Japani kazi ya kukanda imeshikwa na wasioona kwa mamia ya miaka, na shule za wasioona bado zinaifunza. Mkono hauhitaji macho. Kinachohitajika ni chuo kilicho tayari kumsomea maandishi au kumwekea kwa sauti, chumba ambacho kitanda hakihamishwihamishwi, na mtathmini aliyearifiwa mapema. Mlete tuzungumze, usimwambie kwanza kwamba haiwezekani.

Wanaotaka kujiandikisha waje na nakala ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE kama yapo, picha mbili, na mtu wa kumpigia simu usiku. Fomu ziko mezani pale mlangoni na ni bure. Mtu akiwauzia nje ya geti, si zetu.